Mtoto anaogopa hospitali, tumuandaeje? Maswali na majibu

Swali: Mwanangu ana miaka 3, akiona tu geti la hospitali anaanza kulia. Tatizo nini?

Jibu: Anza kuangalia nyumbani anaambiwa nini kuhusu daktari. Wengi tumezoea, mtoto akikataa kula "ntamwita dokta akuchome sindano", asipolala "nesi anakuja", sasa kwake sindano ishakuwa adhabu, halafu siku anaumwa kweli unampeleka kwa yuleyule uliyekuwa unamtishia naye, lazima alie. Hiyo tabia iacheni kabisa jamani, na bibi na dada wa kazi waambieni pia.

Swali: Nimwambie lini kwamba tunaenda?

Jibu: Wa miaka 2 au 3 asubuhi hiyohiyo inatosha. Wa miaka 5 mwambie jana yake apate muda wa kuuliza maswali. Mwambie atakachokiona: tutakaa foleni, utapimwa uzito, dokta atakusikiliza kifuani. Mwache acheze udaktari na mdoli wake, hapo utasikia mwenyewe anaogopa nini hasa.

Swali: Nikisema sindano haiumi si atatulia?

Jibu: Atatulia mpaka achomwe, baada ya hapo hakuamini tena. Sema "itauma kidogo halafu itaisha, mama nimekushika". Hata kipimo cha malaria cha kidoleni, mwambie atatobolewa kidogo itoke damu tone moja, kisha tunasubiri majibu kama dakika 15 au 20.

Swali: Wa miezi 9 haelewi maneno, siku ya chanjo ya surua na rubella nifanyeje?

Jibu: Mpakate akae wima kifuani kwako, sio kumlaza watu watatu mnambana, hapo ndo anazidi kuogopa. Kama ananyonya mpe ziwa kabla kidogo, aendelee wakati anachomwa na baada ya hapo, kunyonya kunapunguza maumivu kweli. Panadol ya kumuwahishia kabla ya chanjo haina haja, akipata homa baadaye muulize nesi kipimo kulingana na uzito wake. Na dozi ya pili ya chanjo hiyo ya surua na rubella ni miezi 18, msiiache.

Swali: Baba yake anamkataza kulia eti ni wa kiume.

Jibu: Aachwe alie, inauma. Tunachotaka ni mkono utulie tu, na kuanzia miaka 3 hivi anaweza kufundishwa kupuliza polepole kama anapoza uji, inasaidia. Akimaliza mkumbatie, na mkirudi nyumbani asichekwe mbele ya wenzake.