Je, wajua gavana wa kwanza Mweusi Marekani alikalia kiti siku 35 tu?

Wengi ukiwauliza watakutajia Douglas Wilder wa Virginia, aliyeapishwa Januari 1990. Huyo ni wa kwanza kuchaguliwa. Lakini mwaka 1872, miaka saba tu baada ya utumwa kupigwa marufuku, P. B. S. Pinchback alikuwa tayari gavana wa Louisiana. Alifikaje hapo bila kupigiwa kura ya ugavana?

Mama yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, baba yake Mzungu mwenye shamba kubwa. Baba alipofariki mwaka 1848, mama alikimbilia Cincinnati na wanawe, akihofia wasije wakarudishwa utumwani. Pinchback alianza kazi ya boti akiwa na miaka 12, akakulia kwenye meli za mvuke za mto Mississippi, penye kamari usiku kucha. Nadhani siasa alijifunzia huko.

Mwaka 1868 aliingia Seneti ya jimbo. Naibu gavana Oscar Dunn, Mweusi mwenzake, alipofariki ghafla Novemba 1871, Seneti ikampa Pinchback nafasi hiyo.

Yeye na Gavana Henry Clay Warmoth walikuwa chama kimoja, Republican, lakini wakaishia kuwa paka na panya. Gavana akiwa nje ya jimbo, naibu ndiye aliyekaimu. Basi mwaka 1872, wote wakiwa New York, Pinchback alichomoka kimyakimya akapanda treni, awahi kutia saini miswada ambayo bosi wake aliikalia. Alipofika Canton, Mississippi, akaambiwa kuna telegramu yake ofisini. Kushuka na kuingia, mlango ukafungwa nyuma yake, treni ikaondoka. Warmoth akamfikia kwa treni maalumu. Alichezewa shere, mcheza kamari mzima!

Zamu yake ilikuja Desemba. Katika mzozo wa matokeo ya uchaguzi, wawakilishi wa jimbo walimfungulia Warmoth mashtaka ya kumng'oa, na sheria ilimtaka akae kando mpaka kesi iishe. Pinchback akashika usukani tarehe 9 Desemba, akamwachia gavana mpya, William Pitt Kellogg, tarehe 13 Januari 1873.

Louisiana ikamteua kwenda Seneti ya Washington. Maseneta walivutana hadi Machi 1876, wakamkataa kwa kura 32 dhidi ya 29. Kisha wakamlipa dola zipatazo 16,000, mshahara wa kiti walichomnyima.