Kwa nini sisaini barua za kuidhinisha tiba ya maumivu: kisa cha DMSO

Kila baada ya muda naletewa karatasi nitie saini. Maneno hubadilika, dai ni lile lile: kuna tiba ya maumivu ambayo serikali imeikalia, watu wanateseka, na jina la mtaalamu wa dawa za maumivu litaipa barua uzito. Mara nyingi nakataa. Aliyeniletea huondoka akiamini nimejiunga na urasimu, au nimenunuliwa. Leo nitajieleza kwa kisa kimoja cha Marekani, na nimekichagua kwa sababu hatimaye jibu lilipatikana. Visa vingi vya namna hii hufifia tu.

DMSO, yaani daimethili salfoksaidi, ni kimiminika kisicho na rangi kinachotokana na mabaki ya utengenezaji wa karatasi. Mkemia Mrusi Alexander Zaytsev alikitengeneza mwaka 1866, na kwa karibu karne nzima kikabaki kiyeyushi cha viwandani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mpasuaji wa Oregon, Stanley Jacob, alikuwa anatafuta kitu cha kulinda viungo vya kupandikizwa visiharibike vikigandishwa. Akaona kwamba DMSO ikipakwa ngozini hupenya upesi na kuingia mwilini. Wenye baridi yabisi na walioteguka wakaanza kusema maumivu yanatulia, na magazeti yakaibeba habari hiyo juu juu.

Ilibisha hodi wakati mbaya. Thalidomaidi, dawa waliyopewa wajawazito, ilikuwa imeacha maelfu ya watoto na viungo pungufu, hasa Ulaya. Marekani ilinusurika kwa kiasi kikubwa kwa sababu Frances Kelsey wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa, alikataa kuipitisha. Oktoba 1962 sheria ikabadilishwa: mtengenezaji hakutakiwa tena kuonyesha usalama peke yake, bali pia kuthibitisha kwa majaribio yaliyodhibitiwa kwamba dawa inafanya kazi. Novemba 1965, FDA ikasimamisha majaribio ya DMSO kwa sababu lenzi za macho ya wanyama wa maabara zilibadilika. Mabadiliko hayo hayakuja kuthibitika kwa binadamu, na watetezi wa DMSO wana haki ya kulikumbusha hilo.

Kuanzia hapo ikawa mvutano wa miaka. Mwaka 1970 iliruhusiwa kwa farasi na mbwa. Mwaka 1978 ikaruhusiwa kwa binadamu, lakini kwa ugonjwa mmoja wa kibofu cha mkojo, tena kwa kuingizwa humo humo kibofuni. Sasa jiweke mahali pa mtu ambaye goti halimpi usingizi, anayejua farasi anapakwa kile ambacho yeye ananyimwa. Machi 1980 suala likafika kwenye televisheni ya taifa, na kamati ya Bunge iliyoongozwa na Claude Pepper ikaketi kusikiliza. Oregon na Florida zilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyotunga sheria zake zenyewe. Wengine hawakungoja sheria. Walinunua ya viwandani wakajipaka, na hapo mimi huingiwa na hofu ya kweli, maana kitu kinachopenya ngozi kwa kasi namna hiyo kinaweza kuingia na uchafu uliomo chupani.

Je, wale wagonjwa walikuwa waongo? Hata kidogo. Mtu akiniambia maumivu yamepungua, yamepungua. Hakuna kipimo cha damu cha kumbishia. Swali linalonikera ni jingine: kilichoyapunguza ni nini?

Maumivu sugu hupwa na kujaa. Hakuna anayekimbilia chupa ya majaribio siku goti limetulia. Huikimbilia siku ambayo kupanda ngazi kunamtoa machozi, yaani maji yamejaa kabisa. Baada ya kujaa huja kupwa, dawa iwepo isiwepo, na chupa iliyokuwa mkononi wakati huo ndiyo inayopewa sifa. Ongeza tumaini, ambalo katika maumivu lina nguvu kuliko karibu maradhi yote mengine: ubongo unaotarajia nafuu hutoa kemikali zake wenyewe za kutuliza. Tena, ambaye hakupata nafuu haandiki barua. Alishatupa chupa, anahangaika na kitu kingine.

Ndiyo maana tunagawa watu kwa bahati nasibu, hawa dawa, hawa kitu kinachofanana nayo kisicho na nguvu, na mgonjwa wala daktari asijue nani kapewa nini. Kwa DMSO mpango huo uligonga mwamba kwa jambo la kuchekesha. Mwili huigeuza kuwa kemikali inayotoka na pumzi, na aliyepakwa hunuka kitunguu saumu. Mdomoni huisikia ladha yake kabla hajafika nyumbani. Siri inakuwa imefichuka: mwenye harufu anajua kapata yenyewe, asiye na harufu anajua kapewa maji, na matumaini yanagawanyika sawasawa na dawa. Ukipata tofauti hapo, umepima DMSO au umepima kitunguu saumu?

Suluhisho lilikuwa rahisi ajabu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2009, lenye wagonjwa 775 wa magoti yaliyosagika, waliofuatiliwa wiki 12, dawa bandia nayo ilitiwa DMSO kidogo, asilimia 2.3, ili harufu isimsaidie mtu kubahatisha. Wengine walipata diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, ya kupaka na iliyochanganywa na DMSO nyingi, wengine DMSO nyingi bila diklofenaki. Diklofenaki ya kupaka iliishinda dawa bandia. DMSO peke yake haikuonyesha tofauti na dawa bandia. Mchanganyiko ule uliidhinishwa Marekani mwaka huo huo, na DMSO imo ndani yake kama mbebaji tu, kazi ambayo kupenya kwake kunaifaa.

Jibu hilo ni la magoti. Halisemi chochote kuhusu kila maumivu duniani. Lakini hebu hesabu: kutoka 1965 hadi 2009 ni miaka 44. Kosa la nani? Wengi huitupia FDA lawama zote, nami sikubaliani. Kemikali ya zamani na ya bei nafuu haina mfanyabiashara wa kugharamia jaribio kubwa, kwa sababu hatarudishiwa fedha zake. Na shinikizo lote lile la umma lilielekezwa kwenye mhuri badala ya kuelekezwa kwenye pengo hilo.

Shinikizo hufanya kazi likilenga penyewe. Oktoba 1988 wanaharakati wa UKIMWI walizingira makao ya FDA, na walikuwa wameisoma sayansi. Madai yao yaligusa namna majaribio yanavyoendeshwa, nani anaingizwa humo, na mgonjwa anayekufa apate vipi dawa ambayo bado inachunguzwa. Mwaka 1992 zikaja kanuni za kuharakisha idhini kwa magonjwa mazito. Wao, ni kweli, walikuwa na virusi na seli za kuhesabu. Sisi wa maumivu tuna neno la mgonjwa tu, na ndiyo maana tunahitaji jaribio lililofungwa vizuri zaidi yao.

Aliyeniletea karatasi mara ya mwisho nilimwomba kalamu. Nikafuta "idhinisheni", nikaandika "gharamieni jaribio, na mtuambie litaanza lini". Hakufurahi. Akasema haina moto. Tukakubaliana abakishe aya yake kuhusu usiku asiolala, maana hiyo ilikuwa nzuri kuliko chochote ambacho ningeandika mimi, na chini yake nikatia saini.