Je, wajua kwa nini damu huishika oksijeni mapafuni na kuiachia kwenye misuli?

Kuishika oksijeni si kazi kubwa. Kazi ni kuishika mapafuni kisha kuiachia inakohitajika, na zote mbili hufanywa na protini ileile: himoglobini, iliyojaa ndani ya chembe nyekundu za damu.

Himoglobini moja ina minyororo minne iliyokunjamana. Kila mnyororo umebeba hemu, kibamba chenye atomu moja ya chuma katikati, na chuma hicho ndicho kinachonasa oksijeni. Mikunjo ya protini hukikinga kisishike kutu, ndiyo maana oksijeni huingia na kutoka ikiwa nzima.

Uzuri wenyewe uko kwenye hiyo minne. Himoglobini tupu imejikaza, hivyo oksijeni ya kwanza huingia kwa taabu. Ikishanaswa, chuma husogea kidogo mno, chini ya sehemu moja ya milioni kumi ya milimita, kikauvuta mnyororo wake, nao ukaisukuma mingine. Umbo zima hulegea, na nafasi zilizobaki hujaa kwa wepesi. Mwanasayansi Max Perutz alianza kulichunguza umbo hilo kwa eksirei huko Cambridge, Uingereza, miaka ya 1930. Tuzo ya Nobel aliipata 1962!

Mapafuni karibu nafasi zote hujaa. Kwenye misuli inayofanya kazi oksijeni ni haba, hewa ukaa na asidi ni nyingi, na hali hiyo huirudisha himoglobini kwenye umbo la kukaza, ikaachia mzigo. Mdenmaki Christian Bohr na wenzake walilieleza jambo hili la hewa ukaa mwaka 1904. Mtu akiwa ametulia, damu hurudi moyoni ikiwa bado na takriban robo tatu ya oksijeni yake, akiba ya pale atakapolazimika kukimbia.

Sasa fikiria jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Kaboni monoksaidi inayotoka humo hukaa kwenye chuma kilekile, tena hukishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kibaya zaidi, huizuia himoglobini isijikaze, kwa hiyo hata oksijeni iliyobaki haiachiwi. Aliyevuta hewa hiyo atolewe nje haraka na kupelekwa hospitali: oksijeni tupu huing'oa sumu hiyo kwa kasi kuliko hewa ya kawaida.