Kwa nini misheni ya Wanavajo huendesha boza la maji?

Je, wajua kwamba Marekani, pamoja na utajiri wake wote, ina misheni ya Kikatoliki inayojulikana zaidi kwa kusambaza maji kuliko kwa mahubiri? Ni St. Bonaventure, katika mji mdogo wa Thoreau, New Mexico, mashariki mwa nchi ya Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Kwa miaka mingi boza lake la manjano liliendeshwa na mama wa Kinavajo, nyumba hadi nyumba, kwenye njia za vumbi ambazo mvua ikinyesha huwa tope tupu. Akifika, watu hutoa walichonacho: mapipa, ndoo, madumu. Maji hayo ni ya kunywa, kupikia na kuoga, na familia huyabana mpaka boza lirudi, pengine mwezi ujao.

Takriban asilimia 30 ya kaya za Wanavajo hazina maji ya bomba. Kwa nini?

Jibu la haraka ni umbali. Eneo lao lina kilomita za mraba zipatazo 70,000, kubwa kuliko Rwanda na Burundi kwa pamoja, na wafugaji hawa wa kondoo hujenga mbalimbali. Ni kweli, ila mimi naona hicho ni nusu kisingizio: nyaya za umeme wa kwenda miji mikubwa zilipitishwa humohumo, juu ya nyumba zisizo na taa.

Pale Thoreau kikwazo hasa ni ardhi. Katika karne ya 19 serikali iliipa kampuni ya reli vipande vya ardhi kwa kupishana, kimoja ndiyo, kimoja hapana. Leo kipande hiki ni cha kabila, cha pili cha mtu binafsi, cha tatu cha jimbo au serikali kuu, na bomba likitaka kuvuka, vibali vinatafutwa kwa kila mmoja wao. Tena si kila kisima kinafaa. Kati ya 1944 na 1986 yalichimbwa huko mawe ya urani, madini yenye mionzi, tani milioni 30 hivi, na migodi zaidi ya 500 ikaachwa wazi. Mwaka 1979 bwawa la taka za urani lilipasuka Church Rock, karibu na Gallup, likamwaga zaidi ya lita milioni 350 za maji yenye mionzi mtoni.

Kanisa lilijikuta kwenye pengo hilo kwa kuwa lilikuwepo tayari. Wafransisko, watawa wa Kikatoliki, walifika St. Michaels, Arizona, mwaka 1898, na Wapresbiteri wakajenga hospitali Ganado pamoja na chuo cha kufundisha wauguzi wenyeji wa asili. Si kumbukumbu zote nzuri: katika shule za bweni, za serikali na za makanisa, watoto walinyolewa nywele na kuadhibiwa kwa kusema Kinavajo. Hata sasa wapo wanaosali kanisani Jumapili, na wakiugua humwita mganga wa jadi awaimbie nyimbo za uponyaji.

Shirika la DigDeep, lililoanza kazi huko kwa kushirikiana na misheni ya St. Bonaventure, hufukia tangi la lita kama 4,500 kando ya nyumba, na pampu ya sola husukuma maji hadi jikoni. Suluhisho kubwa lilitafutwa mahakamani. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba mkataba wa 1868 uliowatengea Wanavajo eneo lao la kwanza hauilazimishi serikali kuchukua hatua za kuwapatia maji. Kwa hiyo kesi imefungwa, na fedha za mabomba zinabaki mikononi mwa wanasiasa.