Ua Limekusimamisha Njiani? Litazame na Jani Lake

Picha hutufikia hivi: mti umepigwa ukiwa mbali, mara nyingi kupitia dirisha la basi, umewaka wekundu juu mpaka chini, na msafiri ameandika, "Naomba jina la mti huu." Mimi ni mtaalamu wa uainishaji wa mimea. Kazi yangu iko kwenye hebariamu, yaani ghala la mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, na picha za namna hii nazipokea karibu kila wiki. Huwa nafurahi kuzipata, kwa sababu mtu aliyekatiza mazungumzo ya safari ili autazame mti tayari ameanza kazi ninayoipenda. Lakini mara nyingi jibu langu la kwanza ni swali: majani yake uliyaona?

Swali hilo huwashangaza wengi, maana wao wameulizia ua. Shida ni kwamba rangi inayoonekana kwa mbali hubeba habari kidogo mno. Katika nchi za joto, mti mwekundu kama moto waweza kuwa mkrismasi, Delonix regia, wenye asili ya Madagaska. Waweza kuwa kifabakazi, Spathodea campanulata, wa Afrika ya kitropiki. Waweza pia kuwa mmojawapo wa miti ya jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) Erythrina, ambayo peke yake ina spishi zaidi ya 100 duniani. Yote mitatu hupandwa kando ya barabara, na yote mitatu, ukiipita kwa mwendo wa gari, ni wekundu tu.

Sasa shuka, uokote ua lililoanguka chini. Usikwanyue, yaliyoanguka yanatosha. Kama ni mkrismasi, utashika petali tano zilizoachana kabisa, kila moja imechongoka shinani kama mpini wa kijiko. Nne ni nyekundu tupu. Ya tano imesimama peke yake, ina weupe au umanjano uliotiwa michirizi na madoa mekundu, na katikati zinachomoza stameni kumi ndefu, yaani nyuzi za kiume zinazobeba chavua. Kama ni kifabakazi, petali zimeungana zikafanya kikombe kipana chenye ukingo wa manjano, stameni ni nne tu, na tumba ambazo hazijafunguka zimejaa maji: ukiibinya moja ncha, maji yanaruka. Kama ni Erythrina, utaona ua la umbo la kunde au haragwe, petali moja imekuwa kubwa kuliko zote nyingine, na mara nyingi mti wenyewe hauna jani hata moja wakati huo. Dakika moja chini ya mti imefanya kazi ambayo picha kumi za dirishani zisingeiweza.

Miti mingi, hata hivyo, haikubali kutambuliwa kwa ua peke yake. Ua huishi siku chache, jani liko pale kwa miezi, na namna majani yalivyokaa kwenye kitawi ni alama isiyobadilika kwa jua wala kivuli. Kitu cha kwanza cha kukagua ni hiki: je, majani yametoka mawili mawili yakikabiliana, au yanapishana, moja huku na jingine mbele kidogo upande wa pili? Huonekana jambo dogo, lakini mara moja tu hukuondolea mamia ya spishi kwenye orodha ya washukiwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mjakaranda na mkrismasi visipokuwa na maua. Majani yao yote mawili ni mepesi kama manyoya, yamegawanyika mara mbili kuwa vijani vidogo visivyohesabika, na nimewaona watu wenye uzoefu wakiyachanganya. Fuata jani hadi kwenye tawi. Mjakaranda una majani yanayokabiliana, mkrismasi una majani yanayopishana. Ukitaka shahidi wa pili, angalia tunda. Mkrismasi huning'iniza ganda refu, gumu, bapa, linaloweza kufika sentimita 60, maana ni wa jamii ya mikunde. Tunda la mjakaranda ni kibapa cha duara kinachoenea kiganjani, kikikauka kinapasuka pembeni kama kinywa na kuachia mbegu zenye mabawa membamba kama karatasi.

Hapo nimetaja vijani, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Kinachoonekana kuwa jani huenda ni kipande tu cha jani. Namna ya kujua ni kutafuta jicho, yaani kile kichipukizi kidogo kinachokaa kwapani, pale kikonyo kinapokutana na kitawi. Kila jani kamili lina jicho kwapani mwake, kijani, yaani kile kipande cha jani, hakina. Ukiteremka kutoka kwenye ncha ukikagua kila kiungio, mahali utakapolikuta jicho ndipo jani linapoanzia. Nimewafundisha hili watoto wa shule za msingi na wakalishika upesi kuliko wazazi wao.

Kuna makosa mawili mengine yanayostahili kutajwa. La kwanza ni kudhani kila chenye rangi ni petali. Kwenye bugenvilia, vile vitu vya zambarau au vyekundu vyembamba kama karatasi ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni kimrija kidogo, cheupe au cha rangi ya maziwa, kilichokaa katikati yake. La pili ni kuupa mti ua lisilo lake. Mimea inayotambaa hupanda hadi kileleni na kuchanua huko, na ipo mimea nyonyaji inayoota juu ya matawi ya miti mingine na kutoa maua yake hapo. Ukiona maua yamejikusanya upande mmoja, na majani yanayoyazunguka hayafanani na ya mti mzima, fuata shina kwa macho mpaka ujue limetoka wapi.

Dalili nyingine zipo, na familia nyingi za mimea zina alama inayojitokeza mapema. Petali tano zilizojisokota upande mmoja kama pangaboi, pamoja na utomvu mweupe jani likivunjika, hunipeleka kwenye jamii ya mlasumini-mti na waridi la jangwani, Apocynaceae. Stameni nyingi zilizoungana zikafanya bomba katikati ya ua ni alama ya jamii ya mpamba, Malvaceae. Jani linalonukia ukilisugua, lenye vitone vinavyopitisha mwanga ukiliinua juani, pamoja na ua lililojaa stameni kama brashi, ni la ukoo wa mikaratusi na mipera. Gome nalo lisipitwe: shina lenye miiba minene ya umbo la koni, juu yake maua makubwa ya waridi yenye petali tano, chini majani yaliyopanuka kama vidole vya mkono, kwangu ni Ceiba speciosa wa Amerika Kusini hadi nionyeshwe vinginevyo.

Hapo kwenye utomvu naomba nieleweke vizuri. Mti usioujua usionjwe, hata kwa ncha ya ulimi, na mkono ulioshika utomvu usiguse jicho. Nerium oleander, unaopandwa sehemu nyingi za dunia kwa uzuri wa maua yake, una sumu inayovuruga moyo katika kila sehemu yake. Kwenye fukwe za Karibi na Amerika ya kitropiki kuna Hippomane mancinella, ambao utomvu wake huunguza ngozi kiasi kwamba hata kujikinga mvua chini yake kunaweza kukutoa malengelenge. Macho na kamera vinatosha kwa karibu kila kitu ninachokueleza hapa.

Kabla hujafungua kitabu cha miti ya nchi uliyofika, jiulize kama mti huo umepandwa. Miti iliyopangwa mstari mmoja barabarani, yenye umri unaolingana, aghalabu ni wageni. Mjakaranda umekuwa sura ya miji mingi duniani, lakini asili yake ni Argentina na Bolivia. Ukiutafuta kwenye kitabu cha miti ya asili ya nchi nyingine utasumbuka bure. Andika na tarehe pia. Mjakaranda huo huo huchanua zaidi Oktoba na Novemba kusini mwa ikweta, na Mei na Juni kaskazini. Mti unaochanua ukiwa mtupu, bila majani, nao umekupa dalili, kwa hiyo iandike.

Programu za simu zimerahisisha mengi, nami nazitumia. Pl@ntNet na iNaturalist hulinganisha picha yako na picha zilizokwisha kutambuliwa, kisha hukupa orodha ya yanayoelekea kufanana. Orodha hiyo si hukumu. Programu hujua vizuri miti iliyopigwa picha mara nyingi, na huyumba ikikutana na ile ambayo watu wachache wameifikia. Ulishe picha zaidi ya moja: mti mzima, gome kwa karibu, kitawi chenye majani kionyeshe yanavyopangana, jani kwa mbele na kwa nyuma, ua kwa mbele na kwa ubavu, na tunda kama lipo. Weka kidole au kalamu pembeni ili ukubwa ujulikane. Picha ya ubavuni ndiyo watu huisahau, na mimi ndiyo ninayoihitaji kuliko ya mbele, kwa kuwa kikonyo na sepali, vile vijani vinavyolishika ua kwa chini, huonekana hapo.

Ukipata jina, tafuta lile la Kilatini. Majina ya mitaani ni mazuri na nayapenda, lakini husafiri vibaya. Kwa Kiingereza, jina lenye maana ya "mti wa moto" limebebeshwa mkrismasi, kifabakazi na hata Brachychiton acerifolius wa Australia, mti usio na undugu wa karibu na hiyo miwili. Utaratibu wa majina mawili, la jenasi na la spishi, uliowekwa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753 kwa mimea yote, ndio unaomwezesha mtu wa bara jingine ajue tunazungumzia mti upi.

Na mahali paandikwe kwa uangalifu uleule. Mwaka 1765, wataalamu wa mimea John Bartram na mwanawe William, wakisafiri kando ya mto Altamaha huko Georgia, Marekani, waliona mti mdogo wasioujua. William alirudi huko miaka ya 1770 na kukusanya mbegu. Mti ukaitwa Franklinia alatamaha, una ua jeupe lenye kiini cha manjano, na tangu mwaka 1803 hakuna aliyeuona tena porini. Yote iliyopo leo ni kizazi cha iliyokuzwa bustanini. Siku hizi kuvusha mbegu au vipandikizi mpakani kuna vibali vyake, na sababu ni nzito: kifabakazi, kilichopelekwa visiwa vya mbali kwa uzuri wake tu, kimo kwenye orodha ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Wewe beba picha, tarehe na mahali.

Wakati mwingine nitakujibu kwa jina la jenasi pekee, "ni Erythrina," nikaishia hapo. Picha huwa imenifikisha hapo, na kuongeza neno la pili kungekuwa kubahatisha. Ukipita tena njia ile miezi michache baadaye, maua yameisha na hakuna anayeuangalia mti, simama tena: nitumie ganda, mbegu ndani yake, na jani moja lenye vijani vyake vitatu.