Matawi ya mzizi hutoka ndani

Chunguza tawi la mwasumini pale jani linaposhikana na shina. Utaona kijichipukizi kidogo, na tawi jipya litatokea hapo hapo. Sasa ng'oa mche wa kunde, uoshe mzizi wake, uutazame. Hakuna jani wala chipukizi, ngozi ni laini tu, na hata hivyo vijizizi vimechomoza pembeni. Ukiangalia vizuri utaona havikutoka ovyo, vimejipanga kwa safu. Hizo safu zina sababu yake, nitaifikia.

Kwanza ncha. Mbele kabisa kuna kofia ya mzizi, ambayo seli zake husagwa na mchanga na kubadilishwa kila mara. Nyuma ya kofia ndipo seli zinapogawanyika. Katikati yao kuna seli chache ambazo hazigawanyiki ila kwa nadra. Kwenye Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya kabichi unaopendwa sana maabara, ni nne hivi. Zinaonekana za kivivu, lakini ndizo zinazozizuia seli jirani zisikomae mapema. Zikikosekana, kiwanda kinafungwa. Seli zilizozaliwa hapo hunywa maji na kurefuka, na kurefuka huko ndiko kunakoisukuma ncha mbele. Nyuma zaidi baadhi ya seli za ngozi huota vinyweleo, kila kinyweleo ni seli moja, navyo ndivyo hukatika ukihamisha mche kwa pupa. (Usivitafute kwenye mnazi. Mizizi yake haina vinyweleo.)

Kofia pia ndiyo inayojua chini ni wapi. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza kwamba hisia hiyo imo kwenye ncha. Ndani ya kofia mna chembe za wanga zinazozama upande wa chini wa seli. Mzizi ukilazwa, chembe huhama, na homoni ya oksini huelekezwa upande wa chini. Kwenye mzizi, oksini nyingi huzuia seli kurefuka. Upande wa juu basi hurefuka zaidi, na ncha inapinda kuelekea chini.

Tuje kwenye matawi. Katikati ya mzizi kuna mishipa: zailemu hupandisha maji, floemu husafirisha sukari. Imezungukwa na tabaka jembamba liitwalo perisaiko, ambalo seli zake zimetulia lakini hazijasahau kugawanyika. Oksini ikijikusanya katika seli mbili zinazopakana, viini vyao husogeleana hadi karibu na ukuta unaozitenga, kisha kila moja hugawanyika bila usawa: seli fupi katikati, ndefu pembeni. Hizo fupi hugawanyika tena kwa mwelekeo mwingine, zikawa tabaka mbili, tatu, hadi panatokea kivimbe. Kwenye kunde, kama ilivyo kwa Arabidopsis, seli zinazoanza kazi hii ni zile zilizo mkabala na zailemu. Zailemu hupita kwa mistari kwa urefu wa mzizi, na hiyo ndiyo sababu ya zile safu.

Kivimbe kimefungiwa ndani bado. Mbele yake kuna endodemi, ambayo seli zake zimefungwa mkanda usiopitisha maji, halafu tabaka nyingine, halafu ngozi. Hakipasui njia kwa nguvu peke yake. Oksini hufika kwenye seli zilizo mbele yake. Za endodemi hupoteza maji na kunywea, na za nje hulegeza gundi inayozishikanisha. Ni kama abiria wa kivuko cha Likoni wanaobana mabega ili mwenye mkokoteni apite.

Mahali pa kutokea hupangwa mapema. Mwaka 2010 watafiti walieleza kwamba nyuma ya ncha ya Arabidopsis kuna mpigo wa takriban kila saa 6 unaotia alama sehemu zitakazoweza kuwa matawi. Mwaka 2014 ikaonyeshwa kwamba upande wa mzizi unaogusa maji huota matawi, na ule unaoelekea hewa hauoti. Kwa hiyo sipendi kusikia kwamba mizizi "hutafuta maji". Hutawi pale ilipokwisha kuyagusa. Anayenyunyizia maua yake kidogo kidogo kila jioni, hapa kwetu penye mchanga unaokauka upesi, anayafunza kutawi juu juu, kisha jua la Februari linayamaliza. Mwagilia mara chache, lakini maji yashuke.

Na ule unga wa kuotesha vipandikizi unaouzwa madukani kwa wakulima? Mara nyingi ndani yake mna asidi ya indolebutiriki, ndugu wa oksini, inayoziamsha seli za shina zilizo karibu na mishipa ziwe mizizi. Chovya ncha, kung'uta, panda. Ukiupakaza kwa wingi, mizizi itaanza lakini itabaki vifundo vifupi, kwa sababu oksini iliyozidi huzuia seli kurefuka.