Kwa nini Wangwato waliacha mamba wakashika nsya

Mtswana akitaka kujua asili yako atakuuliza, "O bina eng?", yaani unacheza nini? Maana yake ni: mwiko wa ukoo wako, yule mnyama au kitu mnachokiheshimu, ni upi? Wangwato, kabila la Watswana lenye makao yake Serowe, Botswana, hujibu "phuti", ambaye ni nsya, yule swala mdogo wa vichakani. Nyama yake hawali, ngozi yake hawavai.

Zamani hawakuwa na nsya. Masimulizi yanasema babu yao Malope alizaa Kwena, Ngwaketse na Ngwato, na mnyama wao alikuwa mamba. Ngwato akafarakana na ndugu yake, akakimbia, akajibanza kichakani. Waliomfukuza walipokaribia, nsya akachomoka mbio. Wakaambizana kwamba kama mtu angekuwamo humo, mnyama asingetulia, wakapita zao.

Kisa kitamu, ila mimi hukisoma kisiasa. Wangwaketse nao walijitenga, na mamba hawakumwacha. Kwa Watswana wa zamani, makabila yenye mnyama mmoja yalipangwa kwa ukubwa wa kuzaliwa: la mkubwa ndilo lililoonja kwanza mazao mapya ya msimu, na la mdogo lilisubiri. Kwa maoni yangu, Wangwato walipobadili mnyama walijitoa kwenye foleni hiyo. (Tena si lazima awe mnyama: Warolong, Watswana wengine, wapo wanaocheza chuma, kwa sababu babu yao Morolong anakumbukwa kama mhunzi.)

Jambo lenyewe lina mizizi. Khama III, chifu wa Wangwato, alikuwa Mkristo mkali, akapiga marufuku pombe na jando, lakini alipofariki mwaka 1923 kaburi lake juu ya kilima pale Serowe liliwekewa nsya wa shaba. Sioni mgongano wowote hapo. Nsya alikuwa nembo ya utawala, na mtawala haachi nembo yake.

Raia wake wengi hata hawakuwa wa phuti. Wakalanga, Wabirwa na Watswapong waliishi chini ya Wangwato huku kila mmoja akibaki na mwiko wake, kwa hiyo kumwita mtu Mngwato hakukuambii anacheza nini.

Msomaji wa Uganda ataniuliza kuhusu ndoa, maana Buganda wenye muziro (mwiko wa ukoo) mmoja hawaoani. Kwa Watswana hakuna katazo hilo. Binti wa baba mdogo ni mchumba mzuri, hasa kwenye nyumba za kichifu, na wanasema wazi sababu yake: ng'ombe wa mahari wanarudi zizini kwao.